Punda wa jirani anateseka: je, sheria inamlinda, au ni mali ya mwenyewe tu?

Mkazi wa Ngaramtoni

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa shikamooni. Ninaleta suala ambalo limenishinda kulimaliza huku mtaani, nikiamini kwamba humu hawakosekani watu wa sheria na wa mifugo.

Jirani yangu ana punda jike ambaye humtumia kusomba maji na, katika siku hizi za ujenzi, mchanga na saruji. Punda huyo ana kidonda pale shingo inapokutana na mgongo, kidonda ambacho kimechimbika hadi nyama nyekundu inaonekana, na kila asubuhi mzigo hupandishwa juu ya kiroba cha plastiki na kufungwa kwa kamba ya manila inayopita katikati ya kidonda chenyewe. Akipunguza mwendo huchapwa fimbo, na mara nyingi huchapwa papo hapo penye kidonda, kwa kuwa kijana anayemswaga ameshagundua kwamba hapo ndipo anapoitikia haraka. Juzi alipiga magoti akiwa na mzigo mbele ya duka la pembejeo, na watu wakamwinua kwa kumvuta mkia na masikio.

Nilizungumza na jirani kwa adabu. Alinijibu kwamba punda huyo alimnunua mnadani Kisongo kwa fedha yake mwenyewe, na kwamba hajawahi kuja nyumbani kwangu kunifundisha namna ya kutumia pikipiki yangu. Nikaenda kwenye ofisi moja ya serikali ya eneo letu, ambako niliambiwa, huku waliokuwapo wakicheka, kwamba pale husikilizwa malalamiko ya binadamu, na mmoja wao akanisindikiza mlangoni kwa kusema “punda afe, mzigo ufike”.

Sina nia ya kumfunga jirani, kwani watoto wetu hucheza pamoja na nitaendelea kuishi naye. Ninachotaka kujua ni mambo mawili. Kwanza, je, ipo sheria ya Tanzania inayomlinda mnyama dhidi ya mtu anayemmiliki, au mnyama akishanunuliwa anakuwa kama kitu kingine chochote cha nyumbani? Pili, mimi ambaye punda si wangu, nina nafasi gani ya kulalamika?


Wakili wa Moshi

Ndugu Mkazi wa Ngaramtoni, sheria ipo, na imekuwapo kwa muda wa kutosha kwa ofisi yoyote ya serikali kuifahamu. Ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Miongoni mwa misingi yake ni kwamba mnyama ni kiumbe chenye hisia, na kwamba mtu anayemmiliki au kumtunza ana wajibu juu yake. Humo pia umeingizwa ule msingi wa uhuru wa aina tano ambao watu wa mifugo huutaja kila siku: mnyama asikae na njaa na kiu, asiishi katika mazingira ya adha, asiachwe na maumivu, majeraha na magonjwa, aweze kuonyesha tabia zake za asili, na asiishi katika hofu na dhiki. Fikra hiyo ilianzia Uingereza, katika ripoti ya kamati ya Brambell ya mwaka 1965 iliyochunguza mifugo inayofugwa kwa wingi mabandani, na tangu hapo imeingia katika sheria za nchi nyingi. Kwa maelezo yako, punda wa jirani amekosa angalau mawili kati ya hayo matano, na kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita uwezo wake au kumfanyisha kazi akiwa na jeraha ni mambo ambayo sheria hiyo iliwekwa kuyazuia.

Hoja ya mali inahitaji kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu jirani yako hajakosea kabisa. Punda ni mali. Mtu mwingine akimwiba au akimjeruhi kwa makusudi, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, itamlinda jirani yako kama mwenye mali. Kilicholetwa na sheria ya 2008 ni aina ya pili ya kosa, yaani kosa ambalo mwenye mali mwenyewe anaweza kulitenda dhidi ya mali yake. Hilo si geni katika sheria zetu: shamba ni lako na hati unayo, lakini ukipanda bangi utakamatwa ndani ya shamba lako. Umiliki unakupa mamlaka ya kumtumia punda, kumuuza na kumrithisha, ila haukupi mamlaka ya kumtesa.

Nitachepuka kidogo, kwa kuwa watu wengi wa huku hudhani kwamba sheria za wanyama ni zile za Hifadhi ya Taifa. Mnakumbuka mkasa wa Novemba 2010, wa wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga wanne, waliopakiwa ndegeni katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) na kupelekwa Qatar. Kesi ilisikilizwa hapa Moshi, na mwaka 2014 raia mmoja wa Pakistan alihukumiwa kifungo cha miaka 60 bila yeye kuwapo mahakamani. Ile ilikuwa kesi ya uhujumu uchumi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na twiga wale walipiganiwa kama mali ya Taifa iliyotoroshwa. Punda wako wa Ngaramtoni, kwa kiasi fulani, ana sheria iliyo karibu zaidi na mwili wake kuliko twiga wale, kwa sababu sheria ya 2008 inauliza mnyama anapata nini, wakati ile ya wanyamapori huanza kwa kuuliza mnyama ni wa nani.

Kuhusu swali la pili, ukatili dhidi ya mnyama ni kosa la jinai, na mlalamikaji katika jinai ni Jamhuri. Huhitaji kuwa mwenye punda ili kutoa taarifa, kama vile usivyohitaji kuwa mwenye nyumba ili kuripoti kwamba inavunjwa. Nenda kituo cha polisi, eleza kosa, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako hapo kituoni. Kabla ya hapo, au siku hiyo hiyo, mwone afisa mifugo wa kata, kwa sababu maneno yako kwamba “kidonda ni kibaya” hayana uzito wa taarifa ya mtaalamu aliyekiona. Ikiwa ofisi uliyokwenda itakukatalia tena, andika barua, ipeleke na nakala yake, na uombe nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo huchekwa na kusahaulika. Barua yenye muhuri humlazimu mtu kujibu au kueleza baadaye kwa nini hakujibu.


Mama wa Oljoro

Nimesoma kwa makini na ninawaheshimu wote walioandika, lakini naomba na sisi wenye punda tusikike. Mimi ninaishi kwa punda. Kabla sijawa naye, madumu ya maji yalikuwa mgongoni mwangu, na mpaka leo kiuno changu kinajua hivyo. Huyo mama au huyo baba wa Ngaramtoni hamchapi punda kwa sababu anapenda kuona damu. Anamchapa kwa sababu fundi anasubiri mchanga, na asipoufikisha kabla ya saa tatu fundi atamwita mwenye guta. Sisemi kwamba anafanya vizuri. Nasema kwamba mkienda kwake na polisi, atalipa faini, na faini hiyo itatoka wapi kama si kwa kumuuza punda huyo huyo kwa mtu atakayemtesa zaidi?

Jambo la pili ni kwamba macho yenu yanaona punda wa maskini tu. Kila asubuhi kuku wanapita barabarani wamefungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye bodaboda, kutoka vijijini hadi soko la Kilombero hapa Arusha mjini. Ng'ombe wanasimamishwa kwenye Fuso kutoka mnadani wakiwa wamebanwa, na akilala mmoja wenzake wanamkanyaga. Watu wanakwenda Kwa Mrombo, kwenye nyama choma, kula nyama hiyo na hakuna anayeandika humu. Sheria hiyo ya 2008 inamhusu punda peke yake?


Mganga wa Mifugo, Arusha

Shikamoo Mama wa Oljoro. Sheria inawahusu kuku na ng'ombe hao pia, na umesema kweli kwamba wengi wetu tumewazoea mpaka hatuwaoni. Ila naomba tumalizane na punda kwanza, kwa sababu naweza kueleza kinachomtokea.

Vidonda vya aina hiyo havisababishwi na kazi yenyewe. Vinasababishwa na tandiko. Kiroba cha plastiki hakinyonyi jasho na huteleza huku na huku, na kila kinapoteleza kinasugua. Kamba nyembamba ya manila hukusanya uzito wote mahali pembamba kama kidole, na ngozi iliyo juu ya mfupa haina nyama ya kuipokea. Siku ya kwanza utaona manyoya yametoka. Baadaye panavimba, pana joto ukiweka kiganja, kisha ngozi inapasuka na nzi wanaingia. Watu wengi hupaka oili chafu ya gari ili kufukuza nzi, na oili hiyo huunguza nyama inayojaribu kuota. Kinachotakiwa ni kuosha kwa maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, kumwita mtaalamu ikiwa kuna usaha, na juu ya yote kumpumzisha asibebe kitu mpaka ngozi ifunge. Hakuna dawa itakayoponya kidonda kinachotandikwa upya kila asubuhi.

Punda pia huwadanganya watu kwa sababu hupiga kelele kidogo sana anapoumia. Ni mnyama ambaye asili yake imemfundisha kuficha udhaifu, hivyo anapofikia kupiga magoti barabarani, ameshavumilia muda mrefu. Kuhusu uzito, kipimo ambacho sisi hukitumia kwa mzigo wa mgongoni ni kama theluthi moja ya uzito wa punda mwenyewe. Punda wa kilo 150 atabeba kilo 50. Madumu manne ya lita 20, ambayo wengi huyaona kuwa mzigo wa kawaida, ni kilo 80 kabla hujahesabu uzito wa madumu yenyewe. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, na jirani akiongeza wa pili kwa ajili ya kusawazisha, ameshafika mara mbili ya kipimo. Mkokoteni wa magurudumu mawili uliosawazishwa vizuri hubeba zaidi kwa mateso kidogo, mradi nira au mkanda wa kifua uwe mpana.

Ndugu Mkazi, unapokwenda kwa afisa mifugo wa kata, usimwombe “aje amkamate mtu”. Mwombe aje amkague mnyama na aandike alichokiona. Chukua picha zinazoonyesha kidonda kwa karibu, na nyingine inayomwonyesha punda mzima akiwa na mzigo, na uandike tarehe na mahali. Mara nyingi mwenye punda akishaona kwamba mtu wa serikali amekuja na karatasi, na akaelezwa namna ya kushona tandiko kwa blanketi kuukuu na kutumia mkanda wa turubai badala ya kamba, suala linaishia hapo. Arusha Society for the Protection of Animals wamefanya kazi na wenye punda katika mkoa huu, nao wanaweza kusaidia upande wa elimu na matibabu.


Msomaji wa Kiborloni

Naongeza moja tu. Msidhani kwamba punda hana thamani machoni pa serikali. Baada ya wafanyabiashara wa ngozi kuingia, ngozi zikipelekwa China kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao, punda walichinjwa kwa wingi katika machinjio ya Dodoma na Shinyanga, na wizi wa punda ukaongezeka vijijini. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hakuna namna ambavyo kizazi kingeweza kufidia kisu. Mwaka 2022 Serikali ikasitisha uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mimi naona, hata hivyo, kwamba marufuku hiyo ilisukumwa zaidi na hofu ya kubaki bila punda kuliko huruma kwa punda mmoja mmoja.


Mkazi wa Ngaramtoni

Nawashukuru sana, na Mama wa Oljoro nakushukuru kwa namna ya pekee kwa kuwa umenionyesha upande ambao sikuufikiria. Nina swali la nyongeza kwa Wakili. Umesema mwenye punda ana wajibu na mlalamikaji ni Jamhuri. Basi punda mwenyewe hana haki yoyote? Nimesikia kwamba zipo nchi ambako kesi imefunguliwa kwa jina la mnyama, yeye akiwa mdai.


Wakili wa Moshi

Zipo, na majibu ya mahakama yametofautiana. Nchini Ecuador, ambayo katiba yake ya mwaka 2008 inatambua haki za mazingira ya asili, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2022 kesi ya tumbili aliyeitwa Estrellita, aliyekuwa ameishi na familia moja kwa miaka 18 kabla ya kuchukuliwa na mamlaka na kufa muda mfupi baadaye. Mahakama ilisema kwamba mnyama mmoja mmoja anaweza kuwa mwenye haki, akiwa sehemu ya maumbile hayo. Mwaka huo huo, mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilikataa, kwa kura tano dhidi ya mbili, ombi la kumtoa tembo aitwaye Happy kutoka Bronx Zoo. Walio wengi walisema kwamba njia ya kisheria iliyotumiwa imewekwa kwa ajili ya binadamu.

Sheria yetu haijafika huko. Kwa Tanzania, punda hana haki anayoweza kuidai. Ana kinga anayoipata kupitia wajibu wa mtu mwingine. Wapo wanasheria wanaoona kwamba tofauti hiyo ni ya vitabuni tu. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mwenye haki ana mtu wa kumsemea ambaye mahakama inalazimika kumsikiliza, na anayelindwa kwa wajibu tu hutegemea kama kuna afisa atakayenyanyuka kitini. Ofisi uliyokwenda imekuonyesha tofauti hiyo bila kukusudia.

Hata hivyo, si lazima twende Ecuador kutafuta mfano wa mtu wa nje kusikilizwa. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo hapo Arusha mjini. Mwaka 2010 shirika la kutetea ustawi wa wanyama kutoka Kenya, African Network for Animal Welfare, lilifungua humo shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Tanzania kuhusu mpango wa barabara ya lami kukatiza Serengeti, na mwaka 2014 mahakama ikazuia mpango huo kama ulivyokuwa umependekezwa. Hoja ziliegemea Mkataba wa Jumuiya na wajibu wa nchi wanachama kutunza mazingira, na hakuna nyumbu aliyeandikwa kuwa mdai. Kilichonivutia mimi ni kwamba Mkataba unamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kuleta shauri, na kwa mlango huo watu wasio wenye mbuga wala wanyama waliweza kusimama mbele ya majaji.

Katika jinai ya ndani upo mlango mwembamba unaofanana na huo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamwezesha hakimu kumruhusu mtu binafsi kuendesha mashtaka. Ni njia ndefu yenye gharama, na kwa kidonda cha punda nisingekushauri uanze nayo, lakini ni vyema yule aliyekuambia kwamba ofisi ni ya malalamiko ya binadamu ajue kwamba ipo.

Mama wa Oljoro, kuhusu faini: hoja yako ni nzito, na sheria inayowapata wenye punda peke yao huku malori ya ng'ombe yakipita mbele ya kituo cha polisi ni sheria inayotekelezwa kwa upendeleo. Dawa yake ni kuwalalamikia na wenye malori. Haitoshi kuwa sababu ya kumwacha punda huyu.


Mama wa Oljoro

Sawa, Wakili, hapo tumeelewana nusu. Lakini bado hamjanijibu jambo moja. Tuseme afisa amekuja, ameandika, na punda ametakiwa kupumzika mpaka kidonda kifunge. Maji ya nyumba hiyo yatabebwa na nani? Na kama akinyang'anywa kabisa, atapelekwa wapi? Serikali ina zizi la punda?


Mganga wa Mifugo, Arusha

Kumnyang'anya mtu punda ni hatua ya mwisho, na katika kazi yangu sijawahi kuipendekeza kwa punda ambaye kidonda chake kinaweza kupona akiwa nyumbani. Kwa kawaida hubaki katika boma lile lile, akilishwa na kunyweshwa, ila bila mzigo. Kuhusu maji, wenye punda wa eneo moja wakiwa na kikundi huazimana, kwa makubaliano kwamba anayeazima analeta tandiko lake lililoshonwa vizuri, kwa sababu hakuna anayekubali punda wake arudishwe na kidonda cha mwingine. Mahali ambapo hakuna kikundi, ndipo watu humtandika mgonjwa usiku ili asionekane, na hilo nimeliona.

Ndugu Mkazi, muulize jirani kama yupo mtu wa kumwazima punda kwa majuma machache, na umuulize kabla hujaenda polisi. Akikataa, fuata njia ya Wakili. Nitumie ujumbe wa faragha unitajie kitongoji, nikuelekeze kwa afisa mifugo wa kata yenu.